Swichi ya Jikoni

Benchi la mbele ya kibanda cha Fyuzi, fundi umeme, lina miguu mitatu na tofali. Ukikaa upande wa tofali, kahawa ni ya kukumwagikia tu. Asubuhi hiyo Darubini alikaa hapo hapo, wala hakujali. Saa nne alikuwa anaenda kuutetea utafiti wake mbele ya wakubwa wa chuo. Mara mbili walishamrudisha, eti haeleweki, na hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka, miaka minne imekwenda na maji. Aliapa haondoki mpaka Fyuzi na jirani yake Wembe wamwelewe.

— Jeni moja, andiko la urithi mwilini, imejirudufu, zimekuwa mbili, sawasawa kabisa. Baadaye moja inafanya kazi kwenye ini, nyingine kwenye ubongo. Kwa nini?

— Wivu, dada'angu, alisema Wembe, kinyozi. Mimi na pacha wangu tulianza duka moja. Leo yeye ndevu, mimi vichwa, na hatusalimiani.

— Acha hizo! alidakia Fyuzi. Nakala huwa hafifu. Toa fotokopi ya fotokopi, mwisho unasoma ukungu.

— Kwa hiyo pacha wangu ni fotokopi?

— Umemwona usoni?

— Jamani! Darubini aligonga benchi. Maandishi ya jeni hayana kasoro. Kilichoharibika ni swichi ya kuiwasha! Fyuzi, una jenereta moja...

— Jeni, jenereta, si ukoo mmoja! alisema Wembe.

— Nyamaza! Ina swichi mbili, ya jikoni na ya chumbani. Umepata nyingine kama hiyo, na swichi zake. Hii ikaungua swichi ya jikoni. Nani atajua?

— Hakuna. Ile nyingine inawasha jikoni.

— Baadaye ile ikaungua swichi ya chumbani.

Fyuzi akaweka kikombe chini.

— Lo! Sasa siuzi hata moja. Na mashine zenyewe nzima!

— Ndiyo! Jikoni ni ini, chumbani ni ubongo! Darubini nusura amkumbatie.

Mama mmoja aliyeleta birika bovu la umeme akasogea.

— Samahanini, wanangu. Sasa hapo asili ni ipi, na nakala ni ipi?

Darubini alifungua faili lake: kila ukurasa, "asili" na "nakala". Ni hapo hapo wakubwa walipombana mara zote mbili, naye akadhani kosa ni mdomo wake, hajui kueleza.

— Hakuna asili, mama, alisema. Ile ya zamani haipo tena. Hizi zote mbili ni watoto wake.

Akasimama, benchi likayumba.

— Wembe, lete kalamu! Nina kurasa themanini za kufuta maneno mawili, na saa nne siichelewi.