Jina la Kadi

Kwenye Noah ya abiria kutoka Lituhi, mama mmoja mwenye chupa ya uji alimlalamikia mzee wa pembeni, mtu asiyemjua.

"Mama yangu kalazwa, hajitambui. Nesi kamwita Walburga, kaona kimya, kasema hasikii. Nyumbani nani anamwita Walburga? Nilipomwita Mama Urbani akafumbua macho."

"Nesi anasoma jina la kadi," mzee akasema, utadhani nesi ni bintiye. "Na watu hatufanani. Marehemu mke wangu aliitikia la ubatizo. Mimi ukiniita Nicholaus namtafuta anayeitwa. Nimezoea Baba Edina."

"Sasa si aulize? Nilisimama pale pale, baba."

"Wagonjwa wengi."

"Basi usije ukalazwa peke yako."

Gari likasimama njia panda ya hospitali. Mama akateremka. Mzee akateremka nyuma yake, kadi yake ya hospitali mkononi, hana mtu.