Nilivyofunzwa Kutamka Ra

Ndugu zangu, nawaamkua nyote. Nimeambiwa wengi humu mmepatwa na kiharusi, na waliobaki mnauguza watu wenu. Basi niko nyumbani.

Mimi ni mchungaji wa Kipresbiteri. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilitumwa Mombasa kuanzisha kanisa Shimanzi. Tulianza watu kumi na mmoja ndani ya godauni la magunia, makuli na wake zao, malori yakinguruma nje hata ikabidi tuimbe kwa kupiga kelele. Baada ya miaka minne watu walijaa hadi mlangoni. Jumanne na Alhamisi nilivuka daraja la Makupa kwenda seminari kufundisha somo la kuhubiri. Nilikuwa na sauti, jamani. Nalisema hilo bila kujisifu, maana sauti yenyewe haipo tena.

Na nilikuwa mkatili. Hili hakuna aliyewahi kunishtaki nalo, najishtaki mwenyewe. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyeacha kazi bara ili aje kusoma. Hakuweza kutofautisha ra na la. Zamu yake ya kuhubiri mbele ya darasa ilipofika, alisema "Loho Mtakatifu." Nikamkatiza.

"Rudia."

Akarudia vilevile. Nilimrudisha tena na tena, wenzake wakicheka, mpaka jasho likalowesha ukosi wa shati lake. Kisha nikamwambia, "Bwana, nenda ukauze viazi Marikiti. Mimbari haina haja na loho." Muhula uliofuata hakurudi. Wala sikumuulizia.

Jumapili moja, katikati ya mahubiri, ulimi wangu ukafa. Nilijua ninalotaka kusema, lakini kilichotoka kilikuwa mlio tu. Biblia ikaniponyoka mkono wa kulia. Watu wa mbele walitazamana, mwanamke mmoja akacheka. Mzee wa kanisa, niliyembatiza kwa mikono yangu hii, alinijia akaninusa mdomo.

"Mchungaji amelewa," akawaambia watu.

Walinitoa wakanikalisha kwenye ngazi, juani, ili ibada iendelee. Mke wangu ndiye aliyesimamisha gari barabarani akanipeleka hospitali.

Miezi miwili baadaye wazee watatu walikuja nyumba ya mchungaji tulimokuwa tukiishi. Nilikuwa nimeketi mbele yao, lakini walizungumza na mke wangu.

"Mama, mchungaji mpya anafika mwisho wa mwezi. Tutaihitaji nyumba."

"Mwambieni yeye," mke wangu akasema. "Yuko hapa na anasikia."

Yule mzee aliyekuwa akisema alinitupia jicho, akamgeukia tena. "Na vitabu vyake vya seminari vimeletwa. Tumeviweka uani."

Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyeinuka kuviingiza.

Tukahamia chumba cha ghorofani Mji wa Kale. Chini yetu bibi mmoja mjane alikuwa na chuo chake cha kuwasomesha watoto Kurani. Kila asubuhi nilijaribu kusema Baba Yetu nikiwa dirishani. Siku ya nne bibi akapanda ngazi na bakora yake, akapiga hodi.

"Ndiye huyu aliaye kama mbuzi?" akamuuliza mke wangu.

"Ni mume wangu, bibi. Anajaribu kusali."

"Basi na asali vyema." Akanishika kidevu. "Fungua kanwa." Akachungulia. "Ulimi upo. Kesho uje chuoni."

Alijua mimi ni mchungaji, na hakulitaja hata siku moja. Alichojua zaidi ni herufi. Alijua ipi hutoka kooni, ipi hutoka kwenye ufizi, ipi hutoka midomoni, na ulimi ukae wapi. Nikakaa mkekani pamoja na watoto wa miaka sita. Huruma hakuwa nayo. Nikikosea, bakora iligonga sakafu karibu na goti langu.

Mwezi wa tatu tukafika kwenye ra. Akanisimamisha mbele ya chuo kizima.

"Sema ra."

Nikasema la.

"Tena."

Nikasema la. Watoto wakaanza kucheka. Nilimtazama bibi nikitumaini atawanyamazisha. Hakuwanyamazisha.

"Tena."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipomwona yule mwanafunzi wangu, na shati lake lililolowa. Miaka yote sikuwa nimemwona. Nililia nimesimama, mpaka watoto wakanyamaza wenyewe.

"Futa matozi," bibi akasema. "Tena."

Ra ilinichukua wiki tano nyingine. Nilipoipata, nilianza kumtafuta yule mwanafunzi, nikaambiwa ni karani wa godauni, palepale Shimanzi, barabara ya pili kutoka kanisa letu. Nilikwenda kwa miguu, mguu mmoja nikiuburura. Nikamwambia polepole, "Nilikudhalilisha mbele ya watu. Naomba radhi." Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, Mwalimu," akasema. "Lakini unalolitaka sina. Tangu siku ile sijasimama mbele ya watu. Hata mazikoni mwa mama yangu sikusema neno."

Akarudi kwenye lori lililokuwa likimngoja. Nilibaki pale juani, nikaelewa kwamba kupona kwangu hakukumponya yeye. Sijarudi kumsumbua.

Seminari iliniita tena, nafundisha siku moja kwa wiki. Kanisa la Shimanzi halijaniita.

Namshukuru mke wangu, ameketi pale nyuma. Miaka miwili amenifunga vifungo vya shati bila kunisimanga. Bibi alifariki mwaka jana. Siku ya matanga nilikaa barazani na wanaume wa mtaa, na walinisogezea nafasi. Mungu amrehemu. Hakunihurumia, na ndiyo maana leo nasema.

Jambo moja nawaomba. Mgonjwa wako akitafuta neno, usimmalizie, usimcheke, wala usitazame saa. Kaa naye mpaka alipate, hata likija kuwa ni tusi la kukutukana wewe.