Gauni Lililokwama Mabegani

Sogeeni wanangu, sauti imebaki kidogo na sitairudia. Wewe kaka mtu, toka hapo mlangoni, umesimama kama mpangaji; na wewe dada mtu, acha kunipepea, joto silisikii tena.

Nimechoka. Miaka arobaini nimekanyaga cherehani ndani ya chumba hiki, nikawasomesha kwa sketi za watu, wala sikulalamika. Kilichonichosha ni ninyi. Mlitukanana siku tuliyomzika baba yenu, eti nani alimuuguza na nani alikuja kuzika tu, na tangu hapo hamjakaa pamoja hadi leo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe ni wajukuu zangu.

Wako wewe, kaka mtu, yule mume wangu mwenye pengo, yuko hapa kila siku ananipotezea sindano. Lakini binti yako wewe, dada mtu, mke mwenzangu yule, sijamwona miaka mitatu. Mwaka jana nilimshonea gauni. Vipimo sina, nikasema, ah, mjukuu wangu nisimjue? Nikakata kwa kukisia, mimi niliyewafukuza wanafunzi wawili kwa kosa hilohilo! Likarudi, limemkwama mabegani. Pindo niliacha vidole vinne, na pindo hufumuliwa, lakini mabega ukishayakata umeyakata. Nilikuwa nimemshonea mtoto niliyeagana naye, kumbe mwenzangu ameshakua. Nililia, wanangu.

Ninyi niliwalea mbiombio, jicho moja kwenye sindano. Wajukuu ndio niliopata nafasi ya kuwatazama, nanyi mkanipunguzia mmoja.

Sasa shikeni. Nyumba gawaneni mtakavyo. Cherehani isiuzwe wala isitoke humu, ni ya wale wawili. Kila likizo waje pamoja, mmoja akanyage, mwingine avute kitambaa. Na wewe kaka mtu, nenda sasa hivi ukamlete mtoto wa dada yako. Si mama yake, wewe. Wewe ndiye mjomba. Dada mtu, mpe ufunguo wa nyumba yako... mpe, mwanangu.

Mungu awajalie wajukuu, awape na macho ya kuwaona wakikua. Radhi zangu mnazo, wote wawili.

Nivueni hii futi shingoni... polepole. Akija akanikuta nimelala, asiogope. Mpimeni mabega. Mpimeni ninyi... mmoja ashike huku... mwenzake huku.