Ukuta wa Ngamia Waliopotea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maafisa wa utamaduni, wazee wa soko la mifugo, wafanyabiashara wenzangu, na wewe Eeddo Timiro, shangazi yetu sote, uliyeketi nyuma kwa sababu viti vya mbele vimekaliwa na chupa za maji: Assalaam aleikum.

Mimi Lul, mwenyekiti wa akina mama wauza maziwa, nimeombwa niisifu skrini hii mpya iliyotundikwa kwenye ukuta wa soko letu. Nitaisifu, tena kwa moyo mkunjufu. Tumeambiwa ni sanaa dhahania: kompyuta inachora yenyewe, rangi na mistari, inabadilika usiku na mchana, wala haitarudia picha hata moja. Nani hapa Garissa alikuwa akipata usingizi kabla ya neema hii?

Wenye tabia mbaya ya kukumbuka wanadai ukuta huu ulikuwa na kazi. Ati mtu akipotelewa na ngamia, alichora hapa kwa mkaa ile alama aliyomchoma mnyama wake, na yeyote aliyemwona, awe ametoka Buna au Hadado, alijua mwenye mali ni nani. Ushamba ulioje! Mkaa haukuwaka wala haukucheza. Ulikaa tu pale pale mpaka ngamia arudi.

Jumatano, skrini ilipojaribiwa, Adeer Alio, ami yetu mfugaji, aliona duara lenye mkia. "Wallahi hii alama yangu! Ngamia yangu iko wapi?" Kabla hajamaliza, duara likafunguka, na Aden, jirani yake wa malisho, akaruka: "Yako? Hiyo ni yetu!" Bakora zikainuliwa. Msanii wetu Hanad, kijana mpole, akawaeleza kwamba hapo hakuna alama ya mtu, kompyuta inabadilisha tu. Adeer Alio akamtazama. "Kwetu mtu akibadilisha alama ya ngamia, tunamuita mwizi. Nyinyi munamkatia utepe?"

Hanad, usikasirike, wewe uliambiwa ukuta ni mtupu. Waliokuambia hivyo ndio ninaowapongeza, kwa kupaka chokaa juu ya alama ya Eeddo Timiro, mjane ambaye ngamia wake wa pekee wa maziwa amepotea tangu mwezi jana, na wajukuu wake wanakunywa chai bila maziwa. Hilo linaniuma, na sitalifanyia mzaha.

Mheshimiwa, hebu weka makasi chini. Nimekuletea mkaa. Chini ya skrini bado kuna nafasi. Eeddo, njoo mbele umwonyeshe mgeni wetu alama yako inavyochorwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa sogeeni muitazame vizuri, wala msiwe na haraka; hiyo haitabadilika.