Mwalimu Maliza Kwanza na Kile Kibao

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza. Alifundisha nyakati za vitenzi kwa miaka thelathini na sita, katika shule moja, akiwa na koti lile lile la kahawia lililojaa chaki mifukoni. Wanafunzi walimwita Maliza Kwanza. Tulimzika Alhamisi iliyopita. Na niwaambie mapema, nimeketi mbele ya kipaza sauti hiki nikiwa na kinyaa. Si kwa marehemu, hapana. Vumilieni kidogo, mtajua ni kwa nani.

Tuanze na kibao, maana bila kibao hamtamwelewa mzee huyu. Kilikuwa kipande cha mbao, upana wa kiganja, kilichokatwa kwenye dawati bovu. Kilitobolewa tundu mbili, kikatiwa kamba ya katani. Juu yake kiliandikwa kwa rangi nyeupe: Mimi ni punda. Mtoto akiongea Kiswahili ndani ya uzio wa shule, anavishwa. Akikosea kitenzi cha Kiingereza, anavishwa. Atakivua tu akimkamata mwenzake aliyekosea na kumvisha yeye. Kwa hiyo watoto walikuwa wanaviziana. Wengine walikitemea mate kabla ya kukipitisha kwa mwenzao. Kamba ilikuwa nyeusi kwa jasho la shingo za watu, na ilinuka. Wakati wa mapumziko uwanja ulikuwa kimya, watoto mia nne wamefunga midomo yao. Wageni wakija wanasifu: shule hii ina nidhamu jamani.

Nidhamu gani? Uchafu mtupu.

Na sisemi kwamba mwalimu wetu alikuwa mtakatifu. Nasema mbele yenu wote, wasikilizaji wapendwa, kwamba katika miaka minane ya kwanza ya kazi, mwalimu huyu ndiye aliyekuwa mtunza kibao. Kilikaa kwenye droo yake. Ubaoni kwake palikuwa na jedwali la nyakati kumi na mbili, na watoto walilikariri kwa kuimba, kuanzia juu mpaka chini. Hakuna aliyejua wakati upi unatumika lini. Walijua kuimba.

Ikaja wiki moja akawa mwalimu wa zamu, analala shuleni. Nyumbani alimwacha mkewe, binti yao wa miaka kumi, na mama yake mzazi. Jioni moja yule bibi akaanguka jikoni. Simu wakati huo hakuna. Kulipokucha, mkewe akamtuma mtoto. Mama huyu aliniambia mwenyewe, tumekaa sebuleni kwake: "Nilimwambia, mwanangu, kimbia, mwambie baba yako bibi ameanguka, anamwita. Maneno mafupi tu."

Mtoto akakimbia. Akaingia darasani anahema, wenzake sitini wanamtazama. Akafungua mdomo aseme Kiswahili, baba yake akainua kidole. Ndani ya uzio ni Kiingereza tu. "Sema, na useme vizuri," baba akamwambia. "Wote hawa wanakusikiliza."

Maskini mtoto akaanza. Akasema jana jioni, kisha akaweka kitenzi cha sasa hivi: ninaingia jikoni.

"Simama hapo. Jana, halafu unaingia? Rudia."

Akarudia. Akakosea vilevile. Akarudia mara ya tatu, machozi yanamtoka, darasa linacheka. Mwalimu akafungua droo, akamvisha binti yake kibao, akamwonyesha dawati la nyuma. Akageukia ubao, akaendelea na jedwali.

Habari ya bibi haikusemwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: habari ya bibi haikusemwa. Baba alikisikia kitenzi, akamkata mtoto kauli. Na mtoto mwenye kibao shingoni haongei, akiongea anaweza kukosea tena. Akakaa kimya asubuhi nzima na mchana wote.

Saa kumi alasiri, jirani yao, fundi baiskeli, akasimama mlangoni mwa darasa. Yeye hakujali uzio wa mtu. Akasema kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, bado uko hapa? Mama yako amefariki saa nane. Amekuita mpaka sauti ikamwisha."

Mwalimu akamtazama fundi. Kisha akatazama dawati la nyuma. Binti alikuwa amekaa wima, kibao kifuani.

Alitoka nje akatapika nyuma ya darasa. Mkewe anasema mwezi mzima alikuwa anaoga mara tatu kwa siku. "Akaniambia, mke wangu, najinukia ile kamba. Namwambia hunuki. Anasema, nanuka, wewe umezoea tu."

Baada ya hapo kibao hakikutoka tena kwenye droo yake, na jedwali akalifuta. Akawa mwalimu mwingine. Mtoto akisimama kusema, akikosea kitenzi, mwalimu anamwambia neno lile lile: maliza kwanza. Tusikie habari yako yote, kitenzi tutakirekebisha baadaye, hakikimbii. Ndipo lilipotoka jina lake. Na habari ikishaisha, anauliza maswali mepesi. Jambo hilo ni la kila siku au ni sasa hivi? Maana sisi tukisema nakunywa chai, hujui kama kikombe kiko mkononi au ni mazoea yangu, na Kiingereza kinataka kujua. Lina siku yake? Kama ni jana au mwaka ule, tumia wakati uliopita, funga mlango. Halina siku, lakini matokeo yake yapo hapa mbele yetu? Mtu aliyepoteza ufunguo na bado amesimama nje, huyo ana wakati wake mwingine. Watoto wakaanza kuelewa. Wakaanza na kupiga kelele uwanjani, na yeye alikuwa anasimama dirishani kuzisikiliza.

Binti yake leo ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Nilimkuta dukani ameshika pini mdomoni, akazitoa ndipo akanijibu. "Baba aliniomba msamaha mara tatu. Mara mbili nilimwambia nimekusamehe, na nilikuwa naongopa. Mara ya tatu nilinyamaza, na yeye akasema sawa, hujamaliza. Nitasubiri."

Sasa sikilizeni kinachonitia kinyaa. Mwalimu alipostaafu, alimwomba mkuu wa shule jambo moja: kile kibao, maana kilikuwa mali ya shule, kiharibiwe. Mkuu akakichukua, akakipiga vanishi, akakiweka ofisini ndani ya kabati la vioo, kando ya vikombe vya michezo. Chini akaandika: Nidhamu iliyotujenga. Mzee akaenda kumsihi akitoe. Akaenda tena. Mara ya tatu alikwenda kwa mkongojo, mwezi mmoja kabla ya kifo chake, akaambiwa mzee, hii ni historia, na wewe ndiye shujaa wake. Alirudi nyumbani akamwambia binti yake: "Watanizika nacho hawa."

Na kweli. Alhamisi, mbele ya waombolezaji, mkuu wa shule akasimama na suti yake, akatoa kibao kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya jeneza. Juu ya jeneza, wasikilizaji wapendwa. Nilikuwa pale, nimesimama hatua tano. Akaanza kusifu ufaulu, jinsi kibao kilivyofundisha Kiingereza safi, na watoto wa leo wamelegea.

Mjomba wa familia akasogea amnyamazishe. Binti akamzuia kwa mkono. "Maliza kwanza, mkuu," akasema. "Tunakusikiliza."

Mkuu akamaliza. Aliongea dakika kumi na mbili. Alipoketi, binti akakichukua kibao juu ya jeneza, akalifuta jeneza kwa ncha ya kanga yake pale kilipokuwa, akaelekea uani ambako wanawake walikuwa wanachemsha chai. Akakisukuma chini ya sufuria kubwa, kamba na yote. Vanishi ile iliwaka vizuri sana.

Chai ilipotoka, tulikunywa. Mkuu wa shule alikunywa vikombe viwili, akasema chai ya msibani haijawahi kuwa tamu hivi. Hakuna aliyemwambia kitu.

Nilimuuliza binti kama sasa amemaliza. "Shingo yangu ni nyepesi," akasema. "Nilipokwenda kutupa udongo kaburini, nilimwambia baba habari yote ya bibi, kuanzia jikoni. Vitenzi sijui nilivipanga vipi."

Kwa mama mjane, kwa fundi wetu wa sare, kwa familia nzima, poleni sana. Kituo hiki kinalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, mwanao akija mbio leo na habari iliyopinda vitenzi, ifikirie siku ile, umwache afike mwisho. Na nyinyi wakuu wa shule mliobaki na vibao kwenye makabati, mnajijua. Jiko mnajua liko wapi.