Mzee Nashon, Kompresa na Kuku wa Uriri

Baada ya miaka ishirini na minane mbele ya spika zilezile mbili, Mzee Nashon Ogweno anastaafu kutoka Studio Tausi, Homa Bay, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Ataondoka na kiti chake. Kimeshachukua umbo lake, na mwingine akikikalia anateleza.

Kazi yake ilikuwa kuzimalizia nyimbo kabla hazijatoka, na chombo alichokipenda ni kompresa, kile kinachobana sauti. Wageni walipouliza kinafanya nini, aliwaambia ni kama mhudumu wa kanisani: anawaomba wenye vifua vikubwa wapunguze sauti, kisha anainua benchi lote ili hata aliyekaa nyuma kabisa asikike. Ila ukiinua benchi sana, aliongeza, utasikia hata tumbo la mchungaji.

Hilo alijifunza kwa aibu. Mwaka 2004, Bonface Orina, mchimba dhahabu wa Masara mwenye gitaa, alikuja akitaka wimbo wake uwe na nguvu kuliko wote. Alisimama nyuma ya kiti akihimiza, "Bana, Mzee! Bana tena! Kwani unaogopa itapasuka?" Nashon akabana mpaka mshale wa kipimo cha sauti ukasimama kama umepigiliwa msumari. Alisahau kwamba siku ya kurekodi dirisha lilikuwa wazi, na nje Mama Rael alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza. Kila Bonface aliponyamaza kuvuta pumzi, mafuta yalitatarika kwa sauti sawa na gitaa.

Masara nzima ilicheza. Watu wakauliza hiyo ni ala gani ya kisasa. Mwezi uliofuata Bonface alirudi kuitaka tena, ikabidi Mama Rael aingie studio na jiko na karai, hedfoni juu ya kitambaa cha kichwa. Aliharibu mara mbili kwa kumuuliza Bonface, katikati ya ubeti, kama anataka ya moto au ya jana. Kwenye jalada la kaseti aliandikwa: Mama Rael, karai.

Tangu hapo Nashon alibandika karatasi juu ya kompresa: BANA KIDOGO. FUNGA DIRISHA. Waimbaji kutoka Sindo hadi mpakani waliisoma kabla hata ya kusalimiwa.

Kazi yake ya mwisho ilitoka kwenye kabati la kwaya moja ya Uriri: kaseti ya mwaka 1999. Humo mke wangu mimi ninayeandika haya, Emmaculate, aliimba safu ya nyuma, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alitutoka Februari mwaka huu. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Nilikumbuka kwamba kwenye ubeti wa tatu kuku aliingia kanisani, naye akacheka. Sikujua kama kaseti nayo ilikumbuka.

Sikumwomba Nashon amlete mbele. Alijua mwenyewe. Angebana sana, mvumo wa kaseti ungeimeza kwaya. Angebana kidogo, Emmaculate angebaki nyuma kama siku zote. Alikaa siku nne juu ya sekunde tano, akigeuza kitufe upana wa ukucha na kula ndizi. Siku ya nne aliniita, akafunga dirisha, akaucheza wimbo. Kwanza alikuja kuku, mkubwa kama ng'ombe. Halafu yeye, akicheka.

Nicodemus, mwalimu wa kwaya, aliposikia alitaka kuku na kicheko vifutwe, maana hii ni ibada, si soko. Nashon, ambaye hakuwahi kubishana na mteja, alimwambia kwa adabu, "Mwalimu, huyo kuku ndiye anayemchekesha mama. Nikimtoa, mama atakuwa anacheka nini?" Nicodemus akaomba kuku apunguzwe kidogo tu. Alipunguzwa. Sasa ni mkubwa kama mbuzi.

Asante, Mzee Nashon, kwa kila sauti ya nyuma uliyoileta mbele. Masikio yako yapumzike, kiti kikukubali huko nyumbani, na siku zako ziwe njema na nyingi.

Wimbo huo utachezwa kwenye sherehe ya kumuaga, baada ya chakula. Ukifika ubeti wa tatu, tunaomba mnyamaze kidogo. Na atakayekaa karibu na dirisha alifunge, tafadhali: Mama Rael atakuwa nje na karai lake.