Fundi Owiti na Ile ya Kati

Klak. Hiyo ndiyo sauti ambayo Mama Benta Aloo aliisikia usiku kwa miaka arobaini na sita, sauti ya komeo la mlango wa nyuma likivutwa na mtu anayejitahidi asisikike, naye akigeukia ukutani na kulala tena, kwa kuwa alijua mumewe anatoka kwenda kuangalia nyota. Familia imeomba historia ya Zacchaeus Owiti Oduor ianzie hapo, kabla ya tarehe na mahali, maana wengi wenu mlimjua kama fundi wa taa, lakini nyumba hii ilimjua kwa komeo.

Marehemu alizaliwa Dunga tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Oduor, mvuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na Mama Peresia, na wa kwanza kubaki hai. Kwa kuwa wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, wazee walifuata desturi, wakamlaza usiku kando ya njia kama kitu kilichotupwa ili kifo kikimwona kimdharau, jirani akamwokota na kumrudisha kwa mama yake, na ndipo akaitwa Owiti, aliyetupwa. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba usiku ule, chali kwenye majani, ndipo alipoziona nyota kwa mara ya kwanza, na kwamba wazazi wake hawakupaswa kushangaa alipokua na kuendelea kulala nje.

Alisoma shule ya msingi hapo Dunga kuanzia 1959 hadi 1965, kisha shule ya upili mjini Kisumu kuanzia 1966 hadi 1969, na katika mwaka huo wa mwisho mwalimu wake wa jiografia, Bwana Wakoli, aliyezoea kuyatafuta majina ya nyota katika kamusi ya Kiswahili, aliwachorea ubaoni kundi moja hafifu lililoko kati ya Mapacha na Simba. Kundi hilo lina umbo la kaa, halina hata nyota moja ya kujivunia, na mwalimu aliwaambia kwamba ndani yake wapo punda wawili, ambao ni nyota mbili ndogo, na katikati yao kuna moshi, na moshi huo ukitazamwa vizuri ni mzinga wa nyuki wa nyota zipatazo elfu moja. Jina la kundi hilo, kama lilivyokuwa katika kamusi, ni jina lile lile la ugonjwa wa uvimbe mbaya ambao madaktari huuandika kwa herufi mbili tu, na jina hilo Mama Benta ameomba lisisomwe hapa mpaka mahali pake.

Mwaka 1970 alianza kujifunza ufundi mjini, na mwaka 1974 akafungua karakana yake ufuoni Dunga, akitengeneza karabai za wavuvi wa omena, akibadilisha utambi, akizibua pampu, akipima vioo, na baadaye, mafuta yalipoachwa, akijifunza upya taa za sola akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakijifunza kupumzika. Omena huvuliwa usiku wa giza, na nyota nazo hutaka usiku wa giza, hivyo siku ambazo kazi ilikuwa nyingi zaidi ndizo siku alizozipenda zaidi, na alizoea kusimama kilimani hapa Kisian, ziwa likiwa limejaa mataa chini yake, na kusema kwamba za chini amezitengeneza yeye, za juu anaziangalia tu. Umeme ulipokatika, majirani walilalamika, yeye alimshukuru Mungu.

Alimwoa Benta Aloo, dada yake Ochieng wa Dunga, tarehe 5 Agosti 1978, wakahamia Kisian mwaka uliofuata, na wakajaliwa watoto watatu, Winny, Sydney na Becky. Mama aliuza omena, naye anajua kuanika, anajua bei, anajua mvua inakotokea, lakini habari za nyota aliziacha kwa mwenye nazo.

Tarehe 16 Februari 1988, akiwa na darubini ya macho mawili aliyonunua kwa Mburu, mfanyabiashara wa mitumba kule Kibuye, darubini ambayo jicho lake moja lilikuwa na ukungu na hakulalamika kamwe, marehemu aliuona ule mzinga kwa mara ya kwanza, akaingia ndani mbio, akamtikisa mkewe, akamwambia, “Mama Winny, nimeipata,” akataja jina la kundi lile, kisha akalala fofofo kwa furaha. Mama hakulala. Kabla ya mapambazuko akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, Ochieng alikuwa amefika kwa baiskeli kutoka Dunga akiwa na kuku chini ya kwapa, na nyimbo zilipomwamsha marehemu alidhani kuna jirani amepatwa na msiba, akavaa koti, akajiunga nao kwa heshima, akaomba sala ndefu na nzuri kwa ajili ya mgonjwa, na alipomaliza akamnong'oneza Ochieng kuuliza mgonjwa mwenyewe ni nani. Ochieng husimulia kwamba kuku yule aliliwa hata hivyo, maana ameshatoka Dunga, hawezi kurudishwa.

Watu walicheka hadi Obunga, lakini Mama hakucheka. Mama yake mzazi alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, kwa ugonjwa wenye jina hilo, na asubuhi ile alisema mbele ya wote kwamba jina linaloitwa kila usiku mwishowe hujua njia ya mlangoni, na kwamba halitatajwa tena nyumbani kwake. Marehemu hakubishana, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameokolewa na jina, na mtu aliyeokolewa na jina hawezi kumcheka anayeliogopa jina. Tangu siku hiyo aliliita kundi lake Ile ya Kati, na watoto wakalijua hivyo, hata Sydney akaandika hivyo katika mtihani na kupewa sifuri, sifuri ambayo baba yake aliitundika karakanani.

Jambo moja tu aliendelea kuliomba, kila mwaka Februari ilipofika, kwamba siku moja mkewe atoke naye kwa mlango ule, aangalie, na aiite kwa jina lake, naye Mama alijibu kila mwaka kwamba atatoka omena watakapojianika wenyewe.

Mwezi wa Oktoba 2023 marehemu alianza kuugua, na madaktari wakasema ni ugonjwa gani. Nyumbani uliitwa huo ugonjwa, hospitalini Mama aliinua mkono kabla muuguzi hajamaliza neno, na katika mwaka mmoja na miezi minne ya matibabu, yenye maumivu lakini pia yenye mizaha mingi, hakuna aliyelisikia jina hilo kinywani mwa Mama. Marehemu alifariki nyumbani hapa Kisian, tarehe 28 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, mafundi wenzake, wavuvi wa Dunga ambao wiki nzima wamewasha taa zao zote wakimuaga, Ochieng, aliyekuja tena na kuku, na jirani yetu Gakenia, ambaye hakutuacha hata siku moja. Pumzika kwa amani, Fundi, taa zako zinawaka.

Limebaki jambo moja, ambalo Mama amesema lisomwe mwisho. Tarehe 27 Februari, saa mbili usiku, bila mwezi, komeo la mlango wa nyuma lililia klak, na aliyelivuta alikuwa Mama. Watoto walimtoa baba yao nje na kiti chake, na kwa kuwa mikono yake haikuweza tena kuinua darubini, Mama aliichukua yeye, akahangaika nayo, akaelekezwa juu, kushoto, juu zaidi. Marehemu akamuuliza anaona nini.

“Naona punda wako wawili,” akasema, “na katikati, Baba Winny, ni omena, wamemwagika wavu mzima.”

Marehemu akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwomba, kama alivyomwomba kila Februari, aiite kwa jina lake. Mama akashusha darubini.

“La ndani mwako liliingia bila kuitwa,” akasema, “basi la nje ngoja niliite mimi.” Akainua uso, na kwa sauti ambayo Gakenia aliisikia ng'ambo ya ua, akasema, “Saratani.”